NANASI HALIFICHI SUMU, MURA!

Msomaji wangu, wiki hii nakupeleka kwetu Mara, kuanzia baridi ya milima ya Tarime hadi vumbi la Mugumu, Serengeti. Usiniulize habari za simba wala nyumbu, hao wana waandishi wao. Leo tunaongelea kilaji. Na kama umri wako haujafika miaka 18, mpe gazeti kaka yako, wewe rudi kwenye daftari.

Yote yalianzia kwenye kikao cha harusi. Mshikaji wangu wa tangu shule ya msingi alikuwa anaoa Mugumu, na mimi nikatupwa kamati ya vinywaji. Nadhani walinichagua kwa sababu naandika magazetini, wakafikiri nina mshiko. Wee! Kilichokuwa mfukoni kwangu hata mwenyekiti wa kamati angekionea huruma.

Basi kikao cha tatu mahesabu yakagoma. Ahadi zilikuwa nyingi, pesa mkononi kidogo. Bia za wazee na soda za akina mama zilishakula karibu bajeti yote. Vijana wenzetu, ambao ndio kelele ya harusi, hawakubakiziwa hata chupa ya kunusa.

Ndipo jamaa mmoja, mjanja wa mjini, akasimama na kurekebisha kola ya shati. "Jamani, mbona mnajitesa? Tunachukua dumu moja la gongo. Tunakatia nanasi, tunatia mdalasini na karafuu, tunaacha siku tatu. Siku ya harusi tunamimina kwenye jagi zuri, tunaita kokteli. Nani atajua?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Na mimi, nisikufiche msomaji, niliona wazo ni poa kabisa. Tukakubaliana nikamwone shangazi yangu Tarime, kwa vile ukoo mzima unajua kuwa zamani alikuwa fundi wa mambo hayo.

SHANGAZI AKATAA

Nilipofika nilimkuta kibarazani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakalishwa, nikaletewa uji wa ulezi. Nilipomaliza nikaeleza shida yangu. Shangazi hakunijibu. Aliendelea kuchambua maharage mpaka nikadhani hakunisikia.

"Mura," akasema hatimaye, "unajua kwa nini niliacha kupika?"

Nikasema nasikia ni polisi.

"Polisi walinikamata mara mbili, nikatoka, nikarudia. Polisi hawakuniachisha."

Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe. Alikuwa na mteja wake wa kila siku, fundi baiskeli, mtu wa utani mwingi. Jioni moja yule bwana alikunywa kwa shangazi, akatoka hapo akaenda kumalizia kwa mwenzake mtaa wa pili, ambako kulikuwa kumeletwa dumu kutoka mbali. Kesho yake jua limeshapanda, mkewe akamsikia anauliza kitandani kwa nini leo hakupambazuki.

Hakupambazuka tena kwake. Uhai alibaki nao, macho yakaenda.

"Alikunywa kwangu, akanywa na kwa mwenzangu," shangazi akasema. "Wengine walioonja kwangu siku ile walikuwa wazima. Watu wakasema basi ni lile dumu. Lakini mimi sikupima yangu, na yeye hakupima yake. Nani wa kuapa? Mpaka leo nikimwona ameketi pale sokoni na fimbo yake, napita upande wa pili."

Msomaji, uji ulinikwama kooni. Maana ada yangu ya kidato cha tatu na cha nne ilitoka kwenye pipa lile. Nilimaliza shule 2015, mwaka mmoja tu kabla ada ya sekondari haijafutwa. Sare, daftari, nauli, vyote vilipitia kwenye bomba la shangazi. Leo nilikuwa nimerudi kumwomba awashe tena moto, safari hii tupambe na nanasi!

"Nanasi haliondoi sumu," akamaliza. "Linaificha tu. Yule angalau alijua anakunywa gongo. Hao wageni wenu mtawaambia wanakunywa nini?"

SUMU YENYEWE NI IPI?

Nilirudi mjini nikaanza kuulizia na kusoma, maana sikutaka kwenda kwenye kamati na hadithi ya shangazi peke yake. Nikupe kwa kifupi nilichokipata.

Kilevi tunachokunywa kinaitwa ethanoli. Ana ndugu yake anaitwa methanoli, anatumika viwandani kwenye rangi, viyeyusho na mafuta ya kuwashia. Ukiwaweka kwenye glasi mbili huwezi kuwatofautisha kwa macho, na hata harufu zao zinakaribiana. Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Mtu analewa kama kawaida, analala, na mambo yanaanza saa 12 hadi 24 baadaye: kichwa, tumbo, kutapika, ukungu machoni. Mwenzako akiona hivyo usimpe maziwa wala supu ya pilipili, mkimbize hospitali. Dawa ipo, lakini inataka kuwahiwa.

Vifo vingi vya halaiki unavyovisikia vinatokana na wafanyabiashara wanaochanganya methanoli ya viwandani ili dumu liwe kali na faida iongezeke. Pombe iliyopikwa kwa nafaka tu huwa na methanoli kidogo. Majirani zetu Wakenya wanaijua vizuri habari hii. Novemba 2000 pale Nairobi, kwenye mitaa kama Mukuru kwa Njenga, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Mei 2014 makumi wengine wakafa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, watu wasiopungua 17. Na sisi tupo Sirari, wao wapo Isebania, katikati kuna geti tu. Dumu likivuka usiku halina cheti cha kuzaliwa.

Halafu kuna ule uongo wa kijiweni kwamba ukiwasha kiberiti na moto ukawa wa bluu basi mzigo ni safi. Ethanoli huwaka kwa moto wa bluu, na methanoli huwaka kwa moto hafifu wa bluu hivyohivyo. Kiberiti ni cha kuwashia mkaa, hakipimi pombe.

Sheria nayo haijalala. Tangu 1966 nchi yetu ina sheria inayoitwa kwa jina la kinywaji chenyewe, Sheria ya Moshi, inayokataza kupika bila leseni. Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Uganda walipitisha sheria ya enguli mwaka 1965, ile ya kienyeji ikapelekwa kiwandani kusafishwa, ndiyo ikazaliwa Uganda Waragi, na siku hizi ipo hata ya ladha ya nanasi. Kenya waliihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa mwenye leseni na viwango. Sisi bado gongo ni kosa, na vile viroba vya mifuko ya plastiki navyo vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa hiyo ukibeba dumu kwenda harusini umebeba na kesi yako ndani.

NJIA YA HALALI

Sasa usinune, msomaji. Wazo la yule mjanja halikuwa baya lote. Nanasi na mdalasini havina kosa. Kosa lilikuwa dumu.

Dunia nzima watu wanatia matunda na viungo kwenye pombe kali. Warusi na Wapoland, ambao wanagombania nani aliyeanzisha vodka, hutia ndimu, cheri, asali, hata pilipili. Na jina lenyewe linachekesha: kwa Kirusi "voda" ni maji, kwa hiyo vodka ni kama kusema kijimaji. Kijimaji hicho kikali huwa na kilevi asilimia 40, kimechujwa mpaka kimebaki hakina ladha ya kutisha. Ndiyo maana kinafaa: hakina makuu, kinapokea chochote utakachokitia.

Konyagi yetu ya Dar es Salaam inafaa pia, ila kumbuka mambo mawili. Kwanza ina asilimia 35. Pili ina harufu yake tayari, hivyo ipe viungo vyenye sauti kubwa kama tangawizi na ndimu. Vodka muachie nanasi na kahawa.

Hapa hupiki wala huchemshi chochote. Unanunua chupa iliyofungwa, yenye lebo na stempu ya kodi, duka unalolijua. Kazi yako ni kuloweka tu. Ukiloweka kwa ajili ya nyumbani na wageni wako, sawa. Siku ukianza kuuza, hiyo ni biashara ya pombe, nenda katafute leseni kwanza.

Vifaa: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kama ile ya asali, iliyooshwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa, kisu kikali, kitambaa cheupe cha pamba cha kuchujia. Vipimo vyangu vyote ni vya chupa moja ya mililita 750.

Nanasi na mdalasini. Chukua vipande vya nanasi lililoiva, kama gramu 300, yaani nusu ya nanasi la wastani lililomenywa. Tia na kijiti kimoja cha mdalasini. Mimina vodka mpaka matunda yote yazame. Funika, weka kabatini pasipo jua, tikisa mara moja kwa siku. Siku ya pili toa mdalasini, nanasi liache mpaka siku ya tano. Chuja.

Tangawizi na ndimu. Menya tangawizi ya urefu wa vidole gumba viwili, kata vipande vyembamba. Menya ngozi ya ndimu tatu, ile ya kijani tu, nyeupe ya ndani iache maana ni chungu. Loweka kwenye konyagi siku mbili, kwa wanaopenda moto siku tatu. Maji ya ndimu usitie sasa, yakamulie kwenye glasi wakati wa kunywa.

Kahawa ya Tarime. Hii ndiyo fahari yangu. Watu wa mbali hawajui kama milima yetu inatoa kahawa, tena arabika. Vijiko vinne vya chakula vya kahawa iliyokaangwa, iponde kidogo tu, isiwe unga. Tia kwenye vodka saa 24, siyo zaidi, halafu chuja mara mbili. Ukitaka utamu, tia asali. Shangazi alinusa kifuniko tu akasema inanuka kama nyumba ya babu yangu.

Utamu unaongezwa mwisho baada ya kuchuja. Chemsha kikombe cha sukari na kikombe cha maji, acha ipoe kabisa, tia kidogo kidogo huku unaonja. Sukari ikizidi hakuna wa kuitoa.

MAKOSA YANGU

Usidhani nilipatia siku ya kwanza. Chupa ya kwanza nilitia karafuu kumi, nikaiacha wiki nzima. Ilipotoka ilikuwa dawa ya meno! Na si utani, mafuta ya karafuu ndiyo hutumika kutulizia jino. Karafuu tatu, siku moja, zinatosha. Viungo ni kama mgeni mwenye maneno mengi, mkaribishe lakini umtoe mapema.

Chupa ya pili nilifanya uchoyo. Nilijaza matunda mengi, pombe kidogo, vipande vya juu vikabaki nje. Siku ya nne nikakuta ukungu. Nikataka kuvitoa vile vya juu tu, nikakumbuka yule fundi baiskeli, nikamwaga yote. Iliniuma, lakini nikamwaga.

Chupa ya tatu haikuwa chupa, ilikuwa dumu la plastiki la mafuta ya kula nililodhani nimeliosha. Pombe kali inanyonya harufu yoyote inayoikuta. Nilipata konyagi ya tangawizi yenye ladha ya chipsi.

Jambo lingine ni kwamba nanasi lina maji mengi. Kwa hesabu yangu, vodka ya asilimia 40 ikinyonya maji ya gramu 300 za nanasi hushuka mpaka karibu asilimia 30, na konyagi hushuka mpaka 26 hivi. Kwa hiyo ukishachuja, weka kwenye friji na uimalize ndani ya wiki chache. Ile ya tangawizi au kahawa, isiyotiwa tunda la maji, inavumilia zaidi.

UTAMU NI MWONGO

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kinywaji hiki kitamu hakikuungui koo, basi mtu anakipiga kama juisi. Toti mbili za mililita 50 za ile ya nanasi tayari zimezidi kilevi cha bia moja ya nusu lita. Ukijaza glasi ya mililita 250 umekunywa bia tatu kwa mkupuo mmoja huku unatabasamu. Kwa hiyo pima kwa toti, ongeza barafu, soda ya tangawizi au maji, na kula kwanza. Anayeendesha pikipiki asiguse. Mjamzito asiguse. Anayekunywa dawa aulize hospitali. Na mgeni aambiwe ndani kuna nini kabla hajamiminiwa.

HARUSI ILIVYOKUWA

Nilirudi kwenye kamati nikasema maneno ya shangazi kama alivyoyasema, fundi baiskeli na yote. Kikao kikanyamaza. Yule mjanja wa mjini akauliza taratibu, "Sasa tunafanyaje na pesa hakuna?"

Tukapiga hesabu upya. Chupa sita za vodka ni mililita 4,500, yaani toti 90. Nanasi, tangawizi na ndimu bei ya sokoni. Tukapunguza kadi za mwaliko za rangi na keki ya ghorofa, ikawa keki ya chini. Bibi harusi alinuna siku mbili, akasamehe. Yule mjanja ndiye aliyepewa zamu ya kutikisa chupa kila jioni, na nakwambia hakukosa hata siku moja.

Siku yenyewe tuliweka meza pembeni, juu yake karatasi: kilichomo, nguvu yake, toti mbili kwa mtu. Walikuwepo waliolalamika kuwa tumewabania. Mmoja aliniita paroko. Lakini usiku ule Mugumu ilicheza mpaka wazee wakaanza kutafuta fimbo zao, na kesho yake nilipita nyumba kwa nyumba kurudisha viti vya kukodi. Kila mlango niliogonga mtu alifungua, akalaani mwanga wa jua, akanisalimia kwa jina.

Sijawahi kufurahia watu wakilalamikia jua kama asubuhi ile.

Nilimpigia shangazi nikamweleza. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, halafu akaniambia kesho yake ni siku ya soko, na kwamba safari hii atajaribu kupita upande ule ule alipoketi yule bwana, angalau amsalimie. Sijamuuliza kama alifanya hivyo. Hilo nimemwachia mwenyewe.

Basi mshikaji, ukiwa na nanasi lako na chupa yako yenye lebo, mlango uko wazi. Ukiwa na dumu lisilo na mwenyewe, hata ulitie bustani nzima, limwage chooni. Macho hayauzwi sokoni.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.